Ahadi ya Somerdale: uchambuzi wa kisa cha Kraft kuinunua Cadbury

Tarehe 9 Februari 2010, wiki moja tu baada ya kupata hisa za kutosha kuimiliki Cadbury, kampuni ya Kraft Foods ya Marekani ilitangaza kwamba kiwanda cha chokoleti cha Somerdale, Uingereza, kitafungwa. Miezi mitano kabla ya hapo Kraft hiyohiyo ilikuwa imewaambia Waingereza kwamba inaamini inaweza kuendelea kukiendesha.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mnunuzi mwongo na wenyeji waliotapeliwa. Kina ladha, lakini kinaficha maswali mawili yenye faida zaidi kwa anayetaka kujifunza jinsi kampuni kubwa za vyakula zinavyobadilishana wamiliki: nani hasa aliamua kukifunga kiwanda, na ile kauli ya Kraft ilimfunga nani? Kampuni na wakuu wake nimewataja kwa majina, kwa kuwa mambo yao yako hadharani. Wafanyakazi na wawakilishi wao nimewaacha bila majina wala maelezo ya kuwatambulisha.

Wenye mali na chapa zao

Cadbury ilianza mwaka 1824, John Cadbury alipofungua duka mjini Birmingham akiuza chai, kahawa na kakao ya kunywa. Familia yao walikuwa Waquaker, dhehebu la Kikristo, na wanawe, Richard na George, ndio waliojenga kiwanda cha Bournville mwaka 1879, kisha kijiji cha wafanyakazi kando yake. Dairy Milk ilitoka mwaka 1905. Mwaka 1919 Cadbury iliungana na Fry ya Bristol, familia nyingine ya Waquaker wenye chokoleti, na Fry ndio waliojenga Somerdale katika mji wa Keynsham miaka ya 1920. Mwaka 1969 Cadbury ikaungana na Schweppes ya vinywaji, wakakaa pamoja karibu miaka 40 hadi walipotengana mwaka 2008, wakisukumwa kwa sehemu na mwekezaji wa Marekani, Nelson Peltz. Katika kutengana huko Cadbury ilibaki na chokoleti, peremende na bazoka za kutafuna, zikiwemo Trident na Halls zilizotoka kwenye kampuni ya Adams iliyonunuliwa kwa dola bilioni 4.2.

Utengano huo una uzito kuliko unavyoonekana. Cadbury Schweppes ilikuwa kubwa mno kumezwa. Cadbury iliyobaki peke yake, yenye chapa zinazopendwa na masoko mazuri katika nchi zinazokua, ilikuwa saizi ya kununulika.

Kraft nayo ilikuwa imepitia mikono mingi. James L. Kraft, mzaliwa wa Ontario, Kanada, alianza mwaka 1903 kuuza jibini kwa gari la farasi mjini Chicago, na mwaka 1916 akapata hataza ya jibini lililosindikwa lisiharibike upesi. Mwaka 1988 kampuni ikanunuliwa na Philip Morris, wenye sigara za Marlboro, waliokuwa wamekwisha kuinunua General Foods mwaka 1985. Wenye sigara walikuwa na fedha nyingi na walitafuta pa kuziweka nje ya tumbaku, wakaendelea kununua: Jacobs Suchard yenye Milka na Toblerone mwaka 1990, Terry's ya York mwaka 1993, Nabisco yenye Oreo mwaka 2000. Mwaka 2007 Kraft iliachwa huru, na mwaka huohuo ikanunua biskuti za LU kutoka Danone kwa euro bilioni 5.3.

Terry's tusiipite haraka. Kiwanda chake cha York kilifungwa mwaka 2005, chini ya Kraft, na uzalishaji ukahamishiwa nchi nyingine za Ulaya. Kwa hiyo Kraft ilipokuja kuzungumzia viwanda vya chokoleti vya Uingereza, wafanyakazi wa Cadbury walikuwa na mfano wa karibu wa kutazama.

Kiwanda kilikwisha kuhukumiwa

Hapa ndipo simulizi nyingi hujikwaa. Uamuzi wa kuifunga Somerdale haukuwa wa Kraft. Cadbury yenyewe iliutangaza Oktoba 2007: kiwanda kingefungwa ifikapo 2010, na kazi zake kugawanywa kati ya Bournville na kiwanda kipya cha Skarbimierz, Poland. Somerdale wakati huo ilitengeneza Crunchie, Double Decker, Fudge, Chomp, Mini Eggs na chokoleti za Fry. Walioamua walikuwa wakurugenzi wa Cadbury, waliokuwa wakibanwa na wanahisa wakuze faida kwa kila pauni ya mauzo.

Wafanyakazi waliandamana na chama chao kikapiga kelele, lakini mpango ukaendelea. Kufikia mwishoni mwa 2009, Cadbury ilikuwa imekwisha kuwekeza Poland kiasi cha pauni milioni 100. Majengo yalikuwa yamesimama na mitambo ilikuwa inahama kwa awamu. Aliyekuwa nje ya kampuni alijua tu kwamba kiwanda kitafungwa. Umbali uliokwisha kufikiwa katika safari hiyo, asingeujua mpaka aoneshwe vitabu.

Miezi mitano ya kuvutana

Tarehe 7 Septemba 2009 Kraft, chini ya Irene Rosenfeld, ilitangaza kwamba inataka kuinunua Cadbury kwa peni 745 kwa hisa, jumla kama pauni bilioni 10.2. Kabla ya hapo hisa ya Cadbury iliuzwa peni 568.

Tuzitazame hizo 745 kwa karibu, maana ndani yake mna nusu ya kisa. Peni 300 zilikuwa taslimu. Zilizobaki, 445, zilikuwa hisa za Kraft: 0.2589 kwa kila hisa moja ya Cadbury. Maana yake, mwenye hisa wa Cadbury hakuwa anaambiwa auze achukue fedha zake aende. Alikuwa anaambiwa awe mwanahisa wa Kraft, kampuni ya jibini, soseji na kahawa iliyokua polepole. Na thamani ya sehemu ile ilipanda na kushuka kila siku pamoja na bei ya Kraft kule New York na kiwango cha kubadilishia dola. Kufikia tarehe 9 Novemba, siku ambayo kanuni za London ziliilazimu Kraft ama ilete ombi rasmi ama iondoke, masharti yaleyale yalikuwa yameshuka thamani hadi peni 717, ilhali sokoni hisa ya Cadbury iliuzwa juu ya hapo. Kraft ilileta ombi lake hivyohivyo, moja kwa moja kwa wanahisa, bila ridhaa ya bodi.

Katika tangazo la kwanza kabisa, katikati ya maelezo ya faida za muungano, ilikuwemo ile sentensi: Kraft inaamini itakuwa katika nafasi ya kuendelea kuendesha Somerdale na kuwekeza Bournville, na hivyo kulinda ajira za viwandani Uingereza.

Mwenyekiti wa Cadbury, Roger Carr, na mtendaji mkuu wake, Todd Stitzer, walikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba bei ni ndogo, na kwamba Kraft ni mkusanyiko wa biashara nyingi zinazokua polepole, mahali ambapo chapa za Cadbury zingedumaa. Hershey ya Marekani, inayotengeneza chokoleti za Cadbury nchini mwake kwa leseni tangu 1988, ilichungulia, na Ferrero ya Italia pia. Hakuna aliyeleta ombi.

Nje ya vyumba vya mabenki kelele zilikuwa nyingi. Peter Mandelson, waziri wa biashara, alionya mwezi Desemba kwamba mnunuzi atakayekuja kuvuna haraka atapata upinzani. Maneno yalikuwa makali, lakini sheria ya 2002 ilimruhusu waziri kuingilia ununuzi kwa sababu chache tu: usalama wa taifa, wingi wa vyombo vya habari na uthabiti wa mfumo wa fedha. Chokoleti haimo. Kilichowakera wengi zaidi ni kwamba benki ya RBS, ambayo serikali ilikuwa imeiokoa na kumiliki kama asilimia 84 yake, ilikuwa miongoni mwa zilizoikopesha Kraft.

Mpinzani mwenye nguvu kweli alitokea upande wa Kraft yenyewe. Tarehe 5 Januari 2010 Warren Buffett, mwanahisa mkubwa kuliko wote wa Kraft, alisema atapiga kura kuzuia mpango wa kutoa hisa mpya hadi milioni 370. Aliona Kraft inalipa kwa sarafu yake yenyewe, yaani hisa zake, wakati sarafu hiyo iko chini. Siku hiyohiyo Kraft iliuza biashara yake ya piza za kugandisha kwa Nestlé, dola bilioni 3.7, na Nestlé nao wakatangaza kwamba hawatainunua Cadbury. Pigo moja likaleta fedha taslimu na kumwondoa mshindani.

Tarehe 19 Januari bodi ya Cadbury ilikubali. Bei ya mwisho: peni 500 taslimu na hisa 0.1874 za Kraft, jumla 840, pamoja na gawio maalumu la peni 10. Sehemu ya hisa ilipunguzwa kiasi kwamba wanahisa wa Kraft hawakuhitaji tena kupiga kura. Tarehe 2 Februari zaidi ya asilimia 71 ya hisa za Cadbury zilikuwa mikononi mwa Kraft.

Maamuzi na sababu zake

Bodi ya Cadbury ililaumiwa kwa kuuza urithi wa taifa. Binafsi naona lawama hiyo imekosea mlango. Tangu Septemba, kila bei ilipopanda, wawekezaji wa muda mrefu waliuza hisa zao na kuondoka na faida, na walionunua ni mifuko ya uwekezaji inayotafuta faida ya wiki chache. Kwa hesabu aliyoitoa Carr baadaye, mifuko hiyo ilikuwa na asilimia 5 hivi ya Cadbury mwanzoni, na ikaishia karibu asilimia 31. Aliyenunua kwa peni 780 alitaka 820, naye hakuwa na haja ya kujua Bournville iko wapi. Bodi ilipokaa mezani Januari, wenye kampuni hawakuwa walewale wa Septemba. Kazi iliyobaki ilikuwa kupandisha bei, na hiyo waliifanya vizuri: kutoka 745 hadi 850.

Uamuzi wa Kraft kuitaja Somerdale unaeleweka pia. Mgeni anayeinunua kampuni inayopendwa anahitaji hoja ya nyumbani, na hii ilikuwa rahisi kuliko zote. Cadbury imesema itafunga, sisi tutakiacha wazi. Kama kingewezekana kuokolewa, Kraft ingepata sifa. Kama kisingewezekana, lawama za mwanzo zilikuwa za Cadbury. Kosa lilikuwa kuitoa kauli hiyo bila kuijua hatua ambayo Poland ilikuwa imefikia, kisha kuendelea nayo miezi mitano.

Tume ya Ulaya nayo ilitoa kibali Januari kwa sharti kwamba biashara za chokoleti za Cadbury za Poland na Romania ziuzwe. Wedel, chapa ya kale ya Warsaw, ikaishia kwa kampuni ya Lotte. Hivyo Kraft ilibakiwa na kiwanda cha Skarbimierz kilichokuwa kikichukua kazi za Somerdale, na kulazimika kuiuza chapa ambayo Wapoland wenyewe waliipenda. Sheria ya ushindani hutazama rafu za maduka. Mahali mitambo ilipo si hoja yake.

Wiki moja baadaye

Tangazo la tarehe 9 Februari lilisema kwamba uhamisho wa Poland umefika mbali mno kurudishwa nyuma. Ajira karibu 400 zilikuwa zinakwenda. Kwa waliokuwa pale hukumu yenyewe haikuwa mpya, waliisikia mara ya kwanza 2007. Kipya kilikuwa ile miezi mitano ya matumaini iliyowekwa katikati. Mtu aliyekwisha kujiandaa kuondoka aliambiwa huenda asiondoke, akangoja, kisha akaambiwa aondoke.

Carr na Stitzer waliacha nyadhifa zao mara baada ya mauzo. Mwezi Machi kamati ya Bunge inayoshughulikia biashara iliwaita Kraft. Rosenfeld hakwenda, alikwenda makamu wake, Marc Firestone, akaomba radhi, na kuahidi kwamba kwa miaka miwili Kraft haitafunga kiwanda kingine Uingereza wala kuwaachisha kwa lazima wafanyakazi wengine wa viwandani. Tarehe 26 Mei jopo la London linalosimamia ununuzi wa kampuni liliikaripia Kraft hadharani, pamoja na mshauri wake, Lazard. Faini haikuwepo. Karipio ndilo lilikuwa adhabu yote.

Uzalishaji Somerdale ulikoma mapema 2011, na eneo lake likauzwa kujengwa nyumba.

Uchambuzi

Hukumu ya jopo inastahili kusomwa polepole kuliko vichwa vya habari vya wakati ule. Halikusema Kraft ilidanganya. Lilikubali kwamba iliamini ilichokisema kwa nia njema. Ilichokosa ni sababu za kutosha za kuamini, kwa kuwa haikujua undani wa mpango wa Cadbury wa kuhamisha kazi kwa awamu. Kwa kipimo hicho imani ya moyoni haitoshi. Anayetoa kauli itakayowafanya wengine wauze, wangoje au watulie lazima awe na msingi anaoweza kuuonesha.

Na aliyekuwa nao msingi huo ni Cadbury. Wakurugenzi wake walijua mitambo gani imeondoka na gharama ya kuirudisha. Hawakuwa na haraka ya kumfahamisha hasimu wao, jambo linaloeleweka vitani, lakini matokeo yake ni kwamba waliokuwa na maslahi makubwa zaidi katika ukweli huo, yaani wafanyakazi, ndio waliobaki gizani kuliko wote.

Kilichofanikiwa kwa Kraft ni fedha: kuiuza piza ili kupata taslimu, kumtuliza Buffett kwa kupunguza hisa mpya, na kumaliza kabla Hershey haijajipanga. Upande wa jina, ilishindwa vibaya. Baada ya Somerdale kila badiliko la Cadbury lilisomwa kama usaliti mpya. Mwaka 2015 ganda la Creme Egg, yai la chokoleti la Cadbury, lilipoacha kutengenezwa kwa Dairy Milk na boksi la mayai sita likawa la matano, hasira ilikuwa kubwa kupita yai lenyewe.

Nao ubashiri wa Carr kuhusu mkusanyiko wa biashara ulijibiwa na Kraft yenyewe, upesi. Agosti 2011 ilitangaza kujigawa, na Oktoba 2012 ikawa kampuni mbili. Vyakula vya dukani vya Amerika Kaskazini, kama Oscar Mayer, Velveeta na Maxwell House, vilibaki na jina la Kraft. Cadbury, Oreo, Milka, LU na Toblerone zikaenda kwa ile ya pili, Mondelez. Jina lililowachukiza Waingereza likaondoka kwenye umiliki wa Cadbury baada ya miaka isiyofika mitatu, na 2015 Kraft iliyobaki ikaungana na Heinz. Hata zile bazoka hazikukaa: mwaka 2023 Mondelez iliiuzia Perfetti Van Melle biashara yake ya bazoka ya Marekani, Kanada na Ulaya, Trident ikiwemo, kwa dola bilioni 1.35.

Ukiyatazama yote haya pamoja, utaona chapa ndiyo iliyodumu, na mwenye chapa alibadilika kila baada ya miaka michache. Mfanyakazi wa Somerdale alidhani anafanya kazi Cadbury. Kwa hesabu za waliokuwa wakinunua na kuuza, alikuwa gharama ya uzalishaji iliyokwisha kupewa tarehe ya kufutwa, na tarehe hiyo ilibaki kwenye vitabu wakati kampuni ilipohama kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Kanuni zilizobadilika, na moja iliyobaki

Septemba 2011 jopo lilibadili kanuni zake. Mnunuzi anayefahamika lazima atajwe jina, kisha ana siku 28 za kuleta ombi au kuondoka, isipokuwa kampuni inayotakiwa ikubali kumwongezea. Ada za washauri lazima ziwekwe wazi. Kauli kuhusu ajira na viwanda zikawa na nguvu kwa miezi 12, isipokuwa hali ibadilike kwa kiasi kikubwa. Januari 2015, baada ya kampuni ya dawa ya Pfizer kujaribu kuinunua nyingine, AstraZeneca, kauli hizo zilitenganishwa makundi mawili: nia, ambayo lazima iwe ya kweli wakati inapotolewa, na ahadi, ambayo jopo linaweza kuilazimisha itekelezwe. SoftBank ya Japani ilipoinunua ARM, kampuni ya Uingereza inayobuni chipu za kompyuta, mwaka 2016 iliweka ahadi za aina ya pili: makao makuu yabaki Cambridge, na wafanyakazi wa Uingereza waongezwe maradufu ndani ya miaka mitano. Kauli ya Kraft kuhusu Somerdale, kwa kanuni za leo, ingelazimika kwanza kuchagua kundi lake.

Carr alipendekeza jambo zito zaidi: kiwango cha kuipata kampuni kipandishwe kutoka zaidi ya nusu ya hisa hadi asilimia 60, na hisa zilizonunuliwa baada ya ombi kutangazwa zinyimwe kura. Jopo liliyapima yote mawili mwaka 2010, likapokea maoni, na kuyakataa. Kwa hiyo kampuni ya Uingereza inayotakiwa leo bado inaweza kuamuliwa hatima yake na watu walionunua hisa zake wiki tatu kabla ya kura, kama ilivyokuwa kwa Cadbury.